Mfuko wa Mifuko

Nyuma ya mlango wa jiko, kwenye msumari uliopigiliwa zamani kwa ajili ya aproni ambayo hakuna aliyewahi kuivaa, umening'inia mfuko mmoja uliovimba. Ndani yake mna mifuko. Mikubwa imetangulia chini, midogo imejisokota katikati, na mingine imebaki nusu ndani nusu nje, mikono yake ikichungulia. Ukivuta mmoja hutoka mitatu, ukirudisha miwili huanguka minne, na mlango wenyewe siku hizi haufunguki wote: unagota kwenye uvimbe ule na kurudi kumpiga aliyeufungua. Kila nyumba ninayoijua ina kitu cha namna hii. Kwingine kimesukumizwa kati ya mtungi wa gesi na ukuta, kwingine kiko chini ya sinki kikinyonya unyevunyevu, kwingine kimejaza droo ambayo haifungiki mpaka mtu aisindikize kwa goti. Mgeni hakioni. Mgeni hukaa sebuleni, akanywa chai kwenye vikombe vilivyofanana, akaondoka akisifu jinsi nyumba ilivyotulia. Nyumba usiyolala ndani yake, waliosema walisema, huijui ila yake.

Kero kubwa za nyumba zina wasemaji wake. Umeme ukikatika mtaa mzima hupiga kelele kwa pamoja, na ukirudi hupiga kelele nyingine. Maji yasipotoka, watu hukutana na ndoo zao kwa mwenye kisima, na foleni ile ni baraza kamili. Kodi ikipanda kuna mjumbe wa kusikiliza, hata kama hana la kufanya. Kero ndogo hazina mjumbe. Utaanzia wapi kushtaki kwamba kuna mtu amekunywa maji yote ya baridi kisha akarudisha jagi tupu kwenye friji? Kwamba kila kopo lililomo kabatini lina kifuniko cha kopo jingine? Kwamba mkasi hujulikana ulipo siku zote isipokuwa siku unapotakiwa, na kwamba ulionunuliwa kuziba pengo la uliopotea ndio uliofanya uliopotea uonekane, na sasa yote miwili haipo? Mambo haya hayafiki kwenye kikao cha ukoo. Hakuna mshenga aliyewahi kuitwa kwa ajili ya kitambaa cha kufutia meza kilichoachwa kimelowa. Lakini ndiyo mambo ambayo mtu hukutana nayo asubuhi kabla hajapiga mswaki, na jioni akiwa amechoka, na nadhani kama kungekuwa na mizani ya kupimia yanayomchosha binadamu, haya yangelemea upande mmoja na msiba mmoja mkubwa upande wa pili, na hatungejua kwa hakika utainuka upi.

Mfuko ule wa nyuma ya mlango ni sultani wa kero hizi, kwa sababu unawagawa watu. Kila nyumba ina mtunzaji na mtupaji, na mara nyingi Mungu huwaoanisha. Mtupaji hungoja Jumamosi, siku ya usafi, achukue rundo lote kwa mkono mmoja na kulielekeza kwenye pipa. Mtunzaji hutokea pale pale, hata kama alikuwa uani akianika, kwa hisia ambayo wataalamu wangepaswa kuichunguza. "Usiutupe. Utakuja kuutafuta." Mtupaji huuliza utautafuta lini, na jibu huwa lile lile ambalo halina tarehe: ipo siku. Na balaa ni kwamba siku hiyo huja. Mtoto anaamka na kutangaza kuwa leo wanatakiwa kwenda shule na viatu vya michezo, gari la shule liko kona. Samaki wameletwa wabichi na wanadondosha maji. Mtu anasafiri na ndala zake bado zina matope. Mtunzaji hahitaji kushinda mara nyingi. Akishinda mara moja, ushindi ule unalinda msumari kwa miezi.

Mama akija kukaa kwetu, rundo hubadilika sura. Yeye hasokomezi, hukunja. Huketi mezani na mifuko upande wa kushoto, akaulaza mmoja, akaupangusa kwa kiganja kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke, akaukunja kwa urefu, akaukunja tena, mpaka unabaki utepe usiozidi vidole vitatu. Kisha anaanzia chini: kona inaletwa kwenye ukingo, inapinduliwa, inaletwa tena kwenye ukingo wa pili, inapinduliwa, na kila mpinduo anaukandamiza kwa kucha ya kidole gumba. Mwishoni yanabaki yale mashikio, nayo huyapenyeza ndani ya mkunjo. Anakuwa na sambusa. Huzipanga kwenye kopo la biskuti kwa ukubwa, na kopo ambalo zamani halikutosha mifuko kumi sasa linameza rundo zima na bado lina nafasi. Huwa namwangalia nikajiuliza anakunja nini hasa. Mikono yake inafanya kazi ile kwa utulivu wa mtu anayesali, naye haitazami, anazungumza habari za shambani na za wagonjwa. Akiondoka, sambusa zile hudumu wiki moja. Mtu mmoja huchukua ya chini kwa pupa, nyingine zinafunguka, na msumari unarudi kazini.

Kizazi chake kilijifunza kutunza kwa mwalimu mkali. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na serikali ya Tanzania ikawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ilipita, mikanda haikulegezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni, dawa ya meno, betri za redio, hata khanga, vilipatikana kwa foleni, kwa jina lako kuwamo kwenye daftari la duka la kaya, au kwa kujuana. Aliyekwenda kununua mafuta ya kula alikwenda na chupa yake. Asiyekuwa na chupa hakuwa na mafuta. Unga ulimwagwa ndani ya ulichokuja nacho, nyama ilifungwa kwenye gazeti na kufika nyumbani ikiwa na habari za bei ya pamba zimechapika kwenye mafuta yake, karanga zilisokotewa karatasi za daftari la mtoto fulani, ukimaliza kula unasoma hesabu alizokosa. Kopo tupu lilikuwa mali, na mfuko wa kaki uliofika mzima ulinyooshwa, ukawekwa chini ya godoro.

Na kulikuwa na upande wa pili wa kutunza. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, katoni ya sabuni ndani ya nyumba ilianza kuhitaji maelezo. Masimulizi ya wakati ule yamejaa mabunda ya vitenge na magunia ya sukari yaliyotupwa vichakani usiku na watu walioogopa kukutwa nayo. Akiba, ambayo methali inasema haiozi, ilitupwa ikiwa mpya. Sidhani kama mtu aliyepita hapo anaweza kutazama kitu kinachofaa kikienda jalalani na asisikie chochote moyoni. Ukimwambia mama kwamba mifuko ni mingi, hakubishii kwamba si mingi. Anakubishia kwamba wingi si jambo la kudumu.

Kisha biashara ikafunguliwa, rais mpya aliyeitwa Mzee Ruksa akaingia Ikulu mwaka 1985, na pamoja na redio kaseti na mitumba ikaja rambo, mfuko wa plastiki. Wengi waliozaliwa baadaye hawakumbuki tena kwamba iliitwa hivyo kwa ajili ya yule askari wa sinema aliyechapwa ubavuni mwake, kifua wazi na bunduki mkononi, akisindikiza nyanya za watu kutoka gengeni. Ilikuwa nyepesi, haikulowana, na zaidi ya yote ilikuwa bure. Nani angekataa? Watu waliokuwa wakinyoosha mifuko ya kaki waliletewa mfuko usiochakaa, tena kila siku mmoja, tena na mchuuzi anayebembeleza: chukua na mwingine, mama, usije ukachanika. Wakautunza kwa mkono ule ule uliotunza kaki. Rambo ikawa kofia ya mvua, ikawa kifuniko cha ndani ya sufuria ili mvuke wa wali usitoke, ikawa tumbo la mpira wa chandimu uliofungwa kwa kamba za katani, ikawa kiwashio cha mkaa, ikidondosha matone ya moto yenye moshi mweusi ambao ulikaa kwenye pua mpaka chakula kiive. Wachinjaji waliikuta ndani ya matumbo ya ng'ombe. Wakazi wa mabondeni waliikuta kwenye mitaro kila masika, imekaza maji yasipite. Methali ilikuwa imetimia kuliko ilivyokusudia: hii ndiyo akiba isiyooza.

Naona ajabu kwamba kitu kilichojaa namna hii kilianza kwa bahati. Mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakibana gesi kwa shinikizo kubwa wakitafuta jambo jingine, wakakuta ndani ya chombo chao unga mweupe laini wenye asili ya nta. Ndiyo polithini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifichwa kama siri ya jeshi, ikitumika kufunika nyaya za rada. Vita vilipokwisha ikaanza kutafutiwa kazi, na mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Uswidi ikapewa hataza ya mfuko uliobuniwa na mhandisi Sten Gustaf Thulin, huu huu wenye mashikio mawili tunaoujua. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alidhani mfuko huo utatumika tena na tena, hata kuokoa miti iliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mmoja mfukoni, umekunjwa. Habari hiyo imenikaa kichwani. Mtu aliyeubuni mfuko huu aliuchukulia kuwa kitu cha kutoka nacho nyumbani. Dunia iliyoupokea ikauchukulia kuwa kitu cha kurudi nacho.

Nadhani tofauti yote imo humo. Kikapu hutoka na mtu. Mfuko hurudi na mtu. Anayetoka na kikapu ameshaamua mambo kadhaa kabla hajafika barabarani: anakwenda sokoni, atanunua vya kujaa hapa, ataonekana na watu akiwa amekishika. Mikono yake ina kazi tangu mlangoni. Anayetoka mikono mitupu hajaamua kitu, au ameamua kwamba kule aendako kuna atakayempa. Ni imani kubwa sana, ukiitazama: kwamba kila duka, kila genge, kila meza ya dagaa kando ya kituo cha daladala, pana mtu amekuandalia chombo. Tuliishi na imani hiyo miaka zaidi ya thelathini. Kwa hiyo rundo la nyuma ya mlango si akiba, hata kama mtunzaji analiita hivyo. Kila mfuko mle ni safari moja ambayo mtu alitoka bila kufikiri. Ukilimwaga lote sakafuni ungepata orodha ya jioni zote ambazo wazo la kununua mkate lilikuja likiwa limeshafika mbele ya mkate.

Kisha serikali zikaanza kuingia nyuma ya mlango. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ile mwaka 2006, Rwanda ikatunga sheria mwaka 2008, na wasafiri wa mabasi ya Kigali wakajifunza kuvua mizigo yao plastiki mpakani mbele ya askari wenye adabu na wembe. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu zilizowafanya watu wakohoe: faini hadi shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 4. Kwetu Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 2019, na Juni mosi sheria ikaanza. Aliyekutwa na mfuko tu, bila kuuza wala kutengeneza, aliandikiwa kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Wiki za mwisho za Mei zilikuwa za vichekesho vya kimyakimya. Watu waliofungasha kwa miaka waliangalia misumari yao kwa jicho jipya. Kwa mara ya pili katika maisha yake mama aliona kitu cha kawaida cha jikoni kikigeuka kuwa kidhibiti, na safari hii hakusema "utakuja kuutafuta". Alizifungua sambusa zake moja moja, akazitazama kama zina kitu ndani, akazitia kwenye kiroba. Alichosema ni kwamba huyu aliyeruhusu zitengenezwe zote hizi mbona hajaulizwa.

Swali lile bado ni zuri. Sina ugomvi na sheria. Mitaro ya mtaani kwetu imepumua, na mtu aliyepita Pugu au Tegeta akaona miti ya kando ya barabara ikipeperusha rambo atakubali kwamba macho nayo yalipata nafuu. Lakini sheria ilifika kwenye mfuko, haikufika kwenye mikono mitupu. Tuliendelea kutoka vile vile. Mabadiliko yalikuwa kwamba mchuuzi sasa anauliza, "Nikupe na mfuko?" na mfuko una bei, shilingi 200 au 500 kutegemea ukubwa. Ni ile mifuko ya rangi kali inayojifanya kitambaa, ya bluu, ya kijani, ya zambarau. Ukiishika dhidi ya mwanga unaona haikufumwa. Ni nyuzi zilizobanwa kwa joto zikashikana, na nyuzi zenyewe ni polipropilini, binamu wa kile kile kilichofukuzwa. Ikikaa juani miezi michache inaanza kubanduka vumbi la rangi, vumbi linalobaki kwenye vidole na kwenye mchele. Na nyanya za gengeni zikaanza kusafiri kwenye vile vimfuko laini vyeupe vilivyoruhusiwa kwa kufungashia tu, mpaka mwaka 2021 baraza la mazingira, NEMC, likabidi liwakumbushe watu kwamba kufungashia si kubebea. Msumari haukukaa wazi hata msimu mmoja. Tofauti ni kwamba kero ile tuliyokuwa tukipewa bure sasa tunainunua, na kwa kuwa tumeinunua ndiyo kabisa haitupiki. Mtunzaji amepata hoja mpya: "Utautupaje? Shilingi 500 hiyo."

Hapa ndipo wapenda zamani huinua vikapu vya ukindu na kusema wazee wetu walijua. Walijua, lakini si kila kitu walikitunza. Pwani kulikuwa na pakacha. Aliyepata maembe au pweza wa ghafla alikata kuti bichi, akakaa chini ya mnazi ule ule, akasuka majani ya upande huu na upande ule, na kabla kijana hajamaliza kushuka na madafu chombo kilikuwa tayari. Kilifika nyumbani, kikamwagwa, kikatupwa. Hakuna aliyening'iniza mapakacha nyuma ya mlango. Yalikauka uani, yakawashia moto au yakaliwa na mchwa, na kesho kulikuwa na kuti jingine. Tena pakacha lilivuja, na likatungiwa methali kwa kuvuja kwake, kwamba ni nafuu ya mchukuzi. Kwa hiyo kutupa si dhambi tuliyoletewa na meli. Wazee walitupa kwa raha zao, ila walitupa kitu ambacho ardhi ilikuwa ikikisubiri.

Na walitofautisha. Pakacha lilitupwa, kikapu kilidaiwa. Kikapu cha miyaa kina kazi ya siku nyingi ndani yake: majani machanga ya mkoma yamekatwa, yameanikwa, yamechanwa kuwa chane, mengine yametiwa rangi, yamesukwa ukili mrefu unaoviringishwa kama utepe usio na mwisho, kisha ukili ukashonwa mzunguko kwa mzunguko, na mwishoni ukatiwa mikono. Aliyekisuka alikuwa akifanya hivyo katikati ya mambo mengine, akinyonyesha, akiangalia chungu, akipokea habari. Chombo cha namna hiyo hakiachwi kwa mtu. Kikikuletea kitu, kinangoja. Hata sasa ambapo vikapu vimekuwa vya kupeleka harusini na vya kuuzia watalii, sheria ile imehamia kwenye vyombo vingine. Sahani ya futari iliyokuja na kaimati kutoka nyumba ya pili haiwezi kurudi tupu. Itaoshwa, itafutwa, itawekwa juu ya friji mahali pa kuonekana, na wiki nzima mtu atakuwa anaitazama na kusema, tuweke nini? Nayo ni kero, tena si ndogo. Kuna nyumba zina sahani za jirani tangu Ramadhani ya mwaka juzi, kila anayefungua kabati anaona haya na kufunga. Kuna ujirani uliolegea kwa sababu ya hotipoti moja. Ndiyo maana sufuria kubwa za kukodisha na za kuazimana zina majina. Zipindue siku ya msiba, wakati kina mama wa mtaa wanaziosha uani kwa majivu na nyuzi za nazi, utaona kitako kizima kimeandikwa kwa rangi nyekundu ya mafuta, au kwa rangi ya kucha, au kwa ncha ya msumari: herufi mbili za jina la mtu, msalaba, nyota, namba ya nyumba. Mtu amekubali sufuria yake iende kupika pilau la watu mia mbili, igongwe, iungue, ibonyee, lakini hakukubali isirudi.

Mfuko hauna jina kitakoni. Una jina la duka ubavuni, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu "naomba unirudishie mfuko wangu" akabaki na heshima yake. Kwa hiyo hauamshi deni, na pasipo deni hakuna sababu ya mtoto kutumwa, hakuna hodi, hakuna "mama anasalimia, anasema ahsante". Ni uhuru mkubwa, na mimi nisiyependa kudaiwa nauthamini. Unampa mtu ndizi kwenye mfuko, anashukuru, yameisha pale pale. Nikiyachambua mafungu ya nyuma ya mlango huwa nakuta majina ya maduka ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia: duka la vitambaa la Mwanza, famasi ya Moshi, duka la simu la mtaa nisioujua, shule ambayo haina mtoto wetu. Yamekuja na watu. Fulani alileta viazi, fulani alileta nguo za mtoto zilizombana wa kwake, fulani alikuja kumwona mgonjwa na machungwa. Mifuko imebaki, na aliyeleta hatumkumbuki, kwa sababu hakuna siku tuliyolazimika kumkumbuka.

Jirani wa upande wa mkonge, mwanamke wa Kimakonde ambaye hajawahi kuficha analolifikiria, alituletea mihogo juzi. Aliitoa kwake ndani ya kapu la ukindu lililokwishabadilishwa mkono mmoja kwa kamba ya katani, akaliweka kizingitini, akakataa kiti. Mke wangu alitaka kuihamisha mihogo haraka ili amrudishie kapu pale pale, naye akakataa hilo pia kwa mkono. Alipofika getini ndipo akageuka: "Jirani, kapu nalitaka." Kwa sauti ya kusikiwa na nyumba tatu. Mihogo tulishaichemsha tukaila na nazi. Kapu liko juu ya meza ya jikoni, limechukua nafasi ya watu wawili, kila anayepita analisogeza, na mtupaji wa nyumba hii ameshauliza mara kadhaa kwa nini lisipelekwe tu. Mama, ambaye yuko kwetu wiki hii, hataki kusikia. Litapelekwaje tupu? Mwembe wa uani una maembe, lakini bado ni ya kijani, na yeye ameshayabonyeza yote anayoyafikia.